Mafuta yameingia kwenye maji ya ardhini: kupampu, kupuliza hewa, kumwaga kemikali au kuwaachia bakteria?

Tangi la chini limevuja au bomba limepasuka, miezi imepita, na sasa kisima cha jirani kinanuka petroli. Swali linalofuata ni hilo hilo siku zote, tusafishe kwa njia gani, na jibu linalokuja haraka kuliko yote ni tufunge pampu, tuyavute maji, tuyachuje huku juu, tumalize. Mimi naona hapo ndo pesa nyingi na miaka mingi inapotelea. Kwa hiyo hapa naziweka njia kuu moja kando ya nyingine, ipi inafaa wapi na inakwamia wapi, na msimamo wangu nausema mapema: anza kwa kujua mafuta yenyewe yamekaa wapi huko chini, alafu njia itajichagua karibu yenyewe. Anayeanza na mashine anayoipenda kisha anaitafutia kazi, huyo atachuja maji miaka kumi na mafuta atayaacha pale pale alipoyakuta.

Kabla ya mashine yoyote lakini, watu. Kama kuna anayekunywa maji hayo aache leo, siyo matokeo ya maabara yakirudi. Ndani ya petroli kuna benzini, na benzini inasababisha saratani ya damu, hilo halina ubishi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, Marekani wanasema 5, Umoja wa Ulaya 1. Sasa angalia, petroli yenye benzini asilimia 1 tu ikigusana na maji inaweza kuyeyusha humo kama miligramu 20 kwa lita, yaani mara 2,000 ya kikomo cha Shirika la Afya. Na usitegemee ulimi, ladha ya benzini inaanza kusikika kwenye kama nusu miligramu kwa lita, hapo tayari umeshapita kikomo mara 50. Kuchemsha nako si dawa, benzini inatoka na mvuke na nyie mnaivuta mkiwa mmesimama jikoni. Pale Ogale, kwenye eneo la Ogoni huko Nigeria, ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya 2011 ilikuta watu wanakunywa visima vyenye benzini zaidi ya mara 900 ya kikomo, na karibu na hapo mafuta yaliyosafishwa kiwandani (siyo ghafi) yenye unene wa sentimita 8 yakielea juu ya maji ya ardhini. Watu walikuwa wanaishi na hali hiyo, kwa hiyo maji mbadala kwanza, mjadala wa teknolojia baadaye.

Mafuta yamejificha wapi

Hapa tukae kidogo maana ndo roho ya jambo lote. Petroli ni nyepesi kuliko maji, lita moja ni kama gramu 750, dizeli kama 850, kwa hiyo yakishuka mpaka kwenye maji hayazami, yanatandaa juu. Lakini njiani yameshaacha sehemu yake kwenye udongo, na yakifika juu ya maji hayatulii, maji yanapanda na kushuka kwa misimu na mafuta yanapanda na kushuka nayo, kila safari yanapaka udongo na kunasa kwenye vitundu vyake. Ukija kupima unakuta ukanda mzima, labda mita moja au mbili, umepakaa mafuta ambayo hayatiririki tena kwenda popote. Sehemu nyingine inageuka mvuke na kukaa kwenye udongo mkavu hapo juu, na sehemu ndogo kabisa inayeyuka kwenye maji na kusafiri nayo, huo ndo mkia wa uchafu unaofika kwenye kisima cha jirani.

Kwa hiyo yako makazi manne: yanayoelea, yaliyonasa udongoni, mvuke, na yaliyoyeyuka. Kwa uzito, karibu mzigo wote uko kwenye hayo mawili ya kwanza. Kwa hatari ya haraka, ni yaliyoyeyuka na mvuke. Hapo ndo watu wanachanganyikiwa, wanatibu yale yanayoonekana kwenye karatasi ya maabara, ambayo ni maji, na kuacha yale yanayoyalisha maji hayo uchafu kila siku. Ukitoa yaliyoyeyuka bila kugusa yaliyonasa, yaliyonasa yanayeyuka tena, na mchezo unaanza upya.

Kitu kingine, usidanganyike na kipimo cha ndani ya kisima cha uchunguzi. Ukikuta sentimita 30 za mafuta ndani ya bomba la kisima haimaanishi nje kwenye udongo kuna sentimita 30, mara nyingi ni pungufu sana, hasa udongo ukiwa wa chembe ndogo. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaopiga hesabu ya lita zilizoko chini kwa kuzidisha unene huo na ukubwa wa eneo alafu wanaandikia bajeti.

Mengine mawili ya kujua kabla ya kulinganisha ni aina ya mafuta na aina ya ardhi. Petroli ina vitu vyepesi vinavyoruka hewani na vinavyoyeyuka (benzini, toluini, ethailibenzini, zailini), dizeli na mafuta mazito haviruki sana na haviyeyuki sana lakini vinang'ang'ania. Mchanga na kokoto vinapitisha hewa na maji, mfinyanzi haupitishi kirahisi, na mwamba wenye nyufa ni habari nyingine kabisa, hapo hata mtaalamu mzuri anaweza kukosa mwelekeo.

Kupampu maji na kuyachuja juu, dhidi ya kuvuta mafuta yenyewe

Kupampu maji kunaeleweka na kila mtu, na hapo ndo mvuto wake ulipo. Maji machafu yanatoka, yanapita kwenye mnara wa kupuliza hewa au kwenye mkaa maalumu wa kuchujia, yanatoka masafi, mkubwa akija kutembelea anaona kazi inafanyika. Tatizo ni kwamba mafuta hayapendi kuyeyuka. Ni kama kufua kitambaa kilicholoa grisi kwa kukipitishia maji matupu, yanatoka na harufu kila siku na grisi bado ipo. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia maeneo 77 yaliyokuwa yanasafishwa hivi (si ya mafuta peke yake) na ripoti yake ya 1994 ilisema 69 kati ya hayo yalikuwa bado hayajafika kwenye lengo. Mi nikiona namba kama hiyo naachana na njia hiyo kama tiba kuu.

Lakini sikatai kupampu kabisa, na hapa naomba nieleweke. Kama mkia wa uchafu unaelekea kwenye kisima cha watu na zimebaki wiki chache tu ukifikie, pampu iliyowekwa mahali sahihi inageuza mwelekeo wa maji na kuuzuia. Hapo inafanya kazi ya uzio, na kama uzio ni nzuri sana. Pia kama petroli ilikuwa na kiongezi cha MTBE, ambacho kinayeyuka kwenye maji zaidi ya mara 20 kuliko benzini, hakishiki kwenye udongo na bakteria wanakila kwa shida, kupampu kunapata maana zaidi, ila ujue mkaa wa kuchujia unakishika vibaya MTBE na utabadilishwa mara kwa mara.

Kuvuta mafuta yanayoelea ni kazi tofauti. Unashusha kifaa kinachoelea kwenye mpaka wa mafuta na maji, kinachota mafuta peke yake, au unatumia pampu mbili, moja ya chini inashusha maji kidogo ili mafuta yakusanyike, ya juu inayavuta. Kilo moja unayotoa hivi ni rahisi kuliko kilo yoyote utakayoitoa baadaye kwa njia nyingine, na sheria za nchi nyingi zinalazimisha hatua hii ianze kwanza. Ila nayo ina kikomo chake, ukishatoa yale yanayotiririka, yaliyonasa hayaji. Na ukishusha maji kupita kiasi ili mafuta yakimbilie kisimani, unayapeleka mafuta chini zaidi na kupaka udongo uliokuwa safi, hili nimelisisitiza maana linafanywa kwa nia njema na madhara yake hayarudishiki.

Kuna njia ya katikati, kunyonya kwa vakyumu kali kila kitu kwa bomba moja, mafuta, maji na mvuke pamoja. Kwenye udongo wa chembe ndogo kama silti, ambako pampu ya kawaida inatoa matone tu, njia hii inashinda. Inakula umeme na juu unabaki na mchanganyiko wa kutenganisha, mara nyingine mafuta na maji yamechapwa pamoja mpaka yamekuwa kama maziwa, lakini kwa miezi michache kwenye eneo dogo mimi ningeichagua kabla ya kupampu maji kwa miaka.

Hewa: hesabu ambayo inaamua mengi

Bakteria wanaokula mafuta wako karibu kila ardhi, huna haja ya kununua wa kopo. Kinachowakosesha kazi ni pumzi. Kilo moja ya benzini ikiliwa mpaka mwisho inahitaji kama kilo 3 za oksijeni. Maji yaliyoshiba hewa yana miligramu 8 mpaka 10 za oksijeni kwa lita, kwa hiyo ukitaka kuwapelekea bakteria oksijeni ya kula kilo moja tu kwa kutumia maji, unahitaji zaidi ya lita 300,000 za maji. Oksijeni hiyo hiyo imo kwenye mita za ujazo 11 hivi za hewa. Hata kama sehemu kubwa ya hewa itapotea bure njiani bado hewa inashinda kwa mbali, na hiyo ndo sababu mimi kwa petroli kwenye mchanga naanza kufikiria kompresa kabla ya pampu.

Njia zake ni ndugu tatu na watu wanazichanganya. Kwanza kuna kunyonya mvuke kutoka kwenye udongo mkavu juu ya maji, blowa inavuta, vitu vyepesi vinatoka, unavichoma au kuvichuja. Alafu kuna kupuliza hewa chini ya maji, kompresa inasukuma hewa kwenye bomba lililoshuka chini kuliko uchafu, hewa inapanda, inabeba vitu vyepesi na kuacha oksijeni. Na kuna kupuliza taratibu sana, hewa kidogo tu ya kuwapa bakteria pumzi bila kufukuza mvuke mwingi. Ya kwanza haigusi mafuta yaliyonasa chini ya usawa wa maji. Ya pili inayagusa. Ya tatu ndo inayofaa dizeli, maana dizeli haitaki kuruka lakini inakubali kuliwa.

Kupuliza kwa nguvu kuna hatari ambayo lazima niiseme kwa sauti, hewa unayosukuma chini inarudi juu na mvuke wa petroli, na ukikutana na tabaka la mfinyanzi juu yake unatambaa pembeni na kutokea kwenye chumba cha chini cha jengo, kwenye mtaro, kwenye chemba. Petroli ikifika asilimia 1.4 hivi ya hewa inawaka. Kwa hiyo kupuliza na kunyonya viende pamoja, ukizima blowa ya kunyonya kompresa nayo izime yenyewe, siyo kwa kukumbuka. Na usipulize mahali ambapo bado kuna mafuta mengi yanaelea, utayasambaza. Na pima chuma kilichoyeyuka kwenye maji, kikizidi kama miligramu 20 kwa lita kitageuka kutu kikikutana na hewa na kuziba njia zako zote, bora ujue kabla hujachimba.

Kila bomba la kupulizia linafikia mita chache tu kuzunguka lenyewe, na hewa haipandi kama wingu zuri la sawasawa kama wanavyochora kwenye brosha, inatafuta vijia vyake vichache. Kwa hiyo kuzima na kuwasha kwa zamu mara nyingi kunaleta matokeo mazuri kuliko kupuliza mfululizo, vijia vinafunga na kufunguka na maji yanachanganyika.

Kuwalisha bakteria bila kompresa

Siyo kila mahali utaweka kompresa. Jengo liko juu, au umeme hakuna, au mkia umeenda mbali na uchafu umekuwa mwembamba. Hapo kuna unga unaoachia oksijeni polepole, wa magnesiamu paroksaidi au kalisiamu paroksaidi, unachanganywa na maji na kusukumwa ardhini. Ni safi, kimya, haina mashine ya kulinda. Lakini rudi kwenye ile hesabu ya kilo 3 kwa kilo 1, alafu kumbuka sehemu ndogo tu ya uzito wa unga ndo oksijeni, utaona kwa nini unga ni wa mkia na siyo wa kiini, yaani pale mafuta yenyewe yalipokaa. Muuzaji akikuambia amwage unga mahali mafuta yanaelea, anakuuzia kitu ambacho kitaisha kabla mafuta hayajashtuka.

Nitreti na salfeti zinavuka kikwazo hicho kwa sababu zinayeyuka sana kwenye maji, na kuna bakteria wanaozitumia badala ya oksijeni. Kwa benzini uwiano ni kama kilo 4.8 za nitreti au 4.6 za salfeti kwa kilo moja, lakini kilo hizo unaweza kuziyeyusha kwenye ujazo mdogo tu wa maji. Nitreti inafanya kazi haraka kwa toluini na wenzake, kwa benzini ni ya kusuasua, na yenyewe ina kikomo kwenye maji ya kunywa (miligramu 50 kwa lita), kwa hiyo karibu na visima vya watu mi ningeiogopa. Salfeti ni ya polepole lakini mpole zaidi, naona inadharauliwa bure, hasa ukizingatia kwamba ndani ya kiini cha uchafu oksijeni iliisha zamani na bakteria waliopo pale tayari ni wa aina ya kuishi bila hewa.

Na hizi siyo nadharia. Kusafisha kwa bakteria ardhini kulianza kufanywa kwa mpango huko Ambler, Pennsylvania, mwaka 1972 baada ya bomba la petroli kuvuja, walipeleka hewa na virutubisho chini. Hanahan, South Carolina, kama lita 300,000 za mafuta ya ndege zilivuja 1975, kufikia 1985 uchafu ulikuwa umeingia kwenye makazi ya watu. Wataalamu wakapeleka virutubisho ardhini huku visima vikivuta maji machafu, na mwisho wa 1993 uchafu kwenye makazi ulikuwa umepungua kwa asilimia 75.

Kemikali kali

Haidrojeni paroksaidi yenye chuma, pasalfeti, ozoni. Hizi zinavunja mafuta kwa siku au wiki, siyo miaka, na ndo maana mwenye haraka ya kuuza kiwanja anazipenda. Sizichukii, kwenye kiini kidogo kinachojulikana vizuri mpaka wake zinafanya kazi kweli. Shida ni kwamba zinaunguza kila kinachoungua, siyo mafuta peke yake, udongo wenye mboji nyingi utakula kemikali yako yote kabla haijafika kwenye benzini, kwa hiyo bila kupima udongo maabara kwanza unakisia. Paroksaidi inatoa joto na gesi, karibu na mafuta yanayoelea au karibu na mabomba yaliyofukiwa ni hatari ya moto na mlipuko. Inaweza kuyeyusha metali zilizokuwa zimetulia, kromiamu mojawapo. Na pamanganeti, ambayo wengi wanaijua kwa rangi yake ya zambarau na inasifiwa sana kwa viyeyushi vya viwandani, benzini haiigusi vya kutosha, ukiona imeandikwa kwenye pendekezo la kusafisha petroli rudisha karatasi.

Kinachouma zaidi ni matokeo kurudi. Kemikali inapita kwenye njia rahisi, inasafisha hapo, sampuli ya mwezi wa pili inang'aa, alafu mafuta yaliyojificha kwenye vipande vya mfinyanzi yanachuruzika kutoka tena na mwezi wa nane uko pale pale. Ndo maana bajeti ya kemikali iandikwe kwa mizunguko miwili au mitatu, siyo mmoja.

Mkaa wa unga unaosukumwa ardhini nao umekuja kwa kasi. Unakamata uchafu na kuzuia mkia, vizuri kwa kulinda mto au kisima. Ila kukamata si kuharibu, bila bakteria kuula uchafu ulioshikwa hapo mkaa utashiba siku moja. Na chunga, mkaa ukiingia kwenye kisima cha uchunguzi chenyewe sampuli itasoma safi wakati udongo wa jirani ni mchafu.

Kuchimba, au kuacha

Kuchimba udongo na kuuondoa ni njia ya haraka kuliko zote kama uchafu ni wa juu juu na eneo ni dogo. Tangi likiwa linang'olewa hata hivyo na shimo liko wazi, toa udongo mbaya wakati huo huo, usifukie alafu urudi na mashine za kisasa. Mita moja ya ujazo ya udongo ni karibu tani 1.8 ambazo lazima zipate mahali pa kwenda na kutibiwa, na kama hakuna mahali hapo basi umehamisha tatizo kwenda kwa watu wengine, hilo sikubaliani nalo hata kidogo.

Upande wa pili kabisa ni kuacha asili ifanye kazi huku unapima. Watu wanasikia hili wanadhani ni uvivu. Bemidji, Minnesota, Agosti 1979 bomba lilipasuka na kumwaga kama lita milioni 1.7 za mafuta ghafi, baada ya usafi wa mwanzo zikabaki chini kama lita 400,000, na tangu 1983 wanasayansi wa serikali ya Marekani wanapima pale. Walichokiona kimebadilisha fani nzima: bakteria walikuwa wanakula uchafu uliokuwa unayeyuka, hata bila oksijeni, na mkia ulibaki mfupi sana kuliko umbali ambao maji yenyewe yalitembea. Lakini mafuta yenyewe miongo kadhaa baadaye yalikuwa bado yapo. Utafiti wa 1995 wa maabara ya Lawrence Livermore kwenye matangi yaliyovuja California nao ulionyesha mikia mingi ya benzini haizidi kama mita 80. Kwa hiyo kuacha ni chaguo halali pale kiini kimetolewa kadiri inavyowezekana, mkia umetulia au unasinyaa, na hakuna kisima wala mto karibu mbele yake. Na lazima upime, benzini peke yake haitoshi, pima oksijeni, nitreti, chuma, salfeti na methani, hizo ndo zinakuonyesha kama kuna mlo unaendelea chini. Petroli yenye ethanoli inavuruga hesabu hii, bakteria wanakimbilia ethanoli kwanza, wanamaliza pumzi, na mkia wa benzini unakuwa mrefu kuliko ulivyotarajia.

Basi ningechagua nini

Petroli, mchanga, mafuta yanaelea: vuta yanayoelea kwanza mpaka yagome, alafu puliza na kunyonya pamoja, mwisho acha asili imalizie mkia. Sioni njia nyingine inayoshindana na mpangilio huo kwa gharama ya kila kilo inayoondoka.

Dizeli, mchanga: vuta yanayoelea, alafu hewa ya polepole, na subira. Ukiweka mashine kubwa za mvuke kwenye dizeli unalipia umeme wa bure.

Silti au mfinyanzi, eneo dogo: chimba kama unafikia, kama hufikii vakyumu ya pamoja. Eneo kubwa la mfinyanzi lenye mafuta mengi na muda mfupi, hapo ndo kupasha ardhi joto, ili mafuta yageuke mvuke na kunyonywa, kunaanza kuwa na maana, na bili ya nishati ni kubwa kwelikweli.

Mkia mwembamba mbali na kiini: salfeti, au unga wa oksijeni, au kuacha na kupima. Mkia unaokaribia visima: pampu ya kuzuia leo, mengine yafuate. Mwamba wenye nyufa: usisaini lolote mpaka mtu achore nyufa zinaelekea wapi, na maji ya watu yabadilishwe moja kwa moja bila kusubiri usafi.

Kontrakta akileta pendekezo, muulize kilo. Chini kuna makadirio ya kilo ngapi, ziko kwenye makazi gani kati ya yale manne, mashine yake itatoa ngapi kwa mwezi, na zikishuka kufikia kiasi gani atazima na kuhamia hatua inayofuata. Mwenye majibu hayo hata yakiwa na makadirio mapana anajua anachofanya. Anayejibu kwa lita za maji zilizopampuliwa anakuhesabia maji, wewe unamlipa atoe mafuta.

Na siku ya kuzima mashine usikubali ziondoke siku hiyo hiyo. Sampuli zilizochukuliwa mashine ikiwa inazunguka zinapendeza zaidi ya hali halisi, kwa hiyo zima, acha mwaka mzima upite ili maji yapande na kushuka kupitia ule ukanda uliopakaa, pima kila baada ya miezi mitatu, pamoja na kisima kilichokuwa kibaya kuliko vyote. Vifaa vibaki pale pale na visima vya uchunguzi visifukiwe, na hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla malipo ya mwisho hayajatoka.